Ubovu wa Spika ya Baba: Historia ya Mashine Zinazoiga Gitaa la Umeme

Kwenye kipindi chetu kimoja tuliongea kuhusu vitu ambavyo wazazi wetu walikuja navyo huku ughaibuni, na vile walivyoviacha nyumbani. Mimi nikasema kwa kupita tu kwamba baba yangu aliacha amplifaya ya gitaa Dar es Salaam. Sikujua kama sentensi moja ingeniletea maswali mengi hivyo. Amplifaya gani? Iko wapi? Bado inalia?

Jibu ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika badala ya kulisema. Na ili lieleweke, itabidi kwanza niwasimulie historia ya vile visanduku ambavyo wapiga gitaa wa umeme wanavitumia siku hizi kuiga sauti za amplifaya na efekti za zamani. Msiogope, sitawatia kwenye hesabu. Hadithi ya baba imo humo humo ndani.

Dunia yenye nchi mbili

Nina kisanduku kimoja nyumbani, ukubwa wake kama kamusi. Unachomeka gitaa upande mmoja, unachomeka spika au hedifoni upande wa pili, na katikati unachagua unataka usikike kama unapiga kwenye amplifaya gani. Zimo nyingi mno. Zimo za miaka ya 1950, zimo za juzi. Zimo na pedali za mwangwi, za mkwaruzo, za kuyumbisha sauti, ambazo zamani ungezipanga sakafuni kwa mguu na waya zikakuzunguka kama nyoka.

Kwa sababu za kisheria watengenezaji mara nyingi hawaandiki majina halisi ya amplifaya walizoiga. Wanakupa kidokezo. Ukiona "US" ujue ni ya Kimarekani, pengine Fender. Ukiona "Brit" ujue ni ya Kiingereza, Marshall au Vox. Siku moja nilikuwa napitisha ile orodha kwa kidole, US, US, Brit, US, Brit, nikacheka peke yangu. Hii ni ramani ya dunia, lakini dunia yenyewe karibu yote ni nchi mbili.

Nikajiuliza: nani alipanga orodha hii? Na kwa nini sauti ya gitaa niliyokua nikiisikia kwenye kanda za baba haimo?

Sauti nzuri zilianza kama ubovu

Tuanzie Memphis, Marekani, mwaka 1951. Bendi ya Ike Turner iko njiani kwenda kurekodi kwa Sam Phillips. Amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, inaharibika safarini. Wanafika studio, spika inakoroma. Hakuna muda wa kutafuta nyingine. Wanaijaza karatasi ili ikae sawa na wanarekodi hivyo hivyo. Wimbo ukaitwa "Rocket 88", ukawa mkubwa, na mpaka leo watu wakibishana kuhusu rekodi ya kwanza ya rock and roll huo hautajwi mwisho.

Mwaka 1958 Link Wray akatoa "Rumble". Yeye hakusubiri ajali: alichukua penseli akatoboa spika ya amplifaya yake mwenyewe ili itoe ule mkwaruzo. Mwaka 1964, hapa London, Dave Davies wa kundi la The Kinks akaichana spika ya kiamplifaya chake kidogo kwa wembe, na ndiyo unayoisikia kwenye "You Really Got Me".

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Nashville. Grady Martin alikuwa anapiga besi ya nyuzi sita kwenye wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotoka 1961. Katikati ya solo, njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti ikawa imekufa nusu, na sauti ikatoka imechanika kabisa, kama nyuki ndani ya kopo. Wakaiacha. Watu wakaipenda. Fundi mitambo, Glenn Snoddy, akakaa akatafuta namna ya kuutengeneza ule ubovu kwa makusudi, kwa kutumia transista. Kampuni ya Gibson ikauchukua na mwaka 1962 ikauza kisanduku kilichoitwa Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wachache. Kisha mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akakitumia kwenye "Satisfaction", na mambo yakabadilika.

Ukiiangalia kwa makini, hapo ndipo pedali ya mkwaruzo ilipozaliwa: mtu kauona ubovu, kaupenda, kaufungia ndani ya boksi, kauuza.

Kuiga nako hakukuanza jana

Mimi nimekulia magharibi mwa London. Shule yangu haikuwa mbali na Hanwell, ambako Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma na magitaa kwenye barabara ya Uxbridge. Wateja wake walikuwa wanalalamika kwamba amplifaya za Fender kutoka Marekani ni ghali. Basi mwaka 1962 yeye na mafundi wake wakaichukua Fender Bassman, wakaifuata mchoro kwa mchoro, ila wakatumia vipuri na spika zilizopatikana Uingereza. Vipuri tofauti vikatoa sauti tofauti. Ile nakala ikawa Marshall, na Marshall ikawa sauti ya rock duniani kote.

Kwa hiyo hiyo "Brit" kwenye orodha yangu ilianza kama "US" iliyokosa vipuri. Hili naomba mliweke kichwani, tutalirudia.

Wakati huo huo efekti nyingine zikawa zinazaliwa. Mwangwi wa utepe, ambapo kichwa kimoja kinarekodi na kingine kinasoma sekunde kidogo baadaye, ulipata umaarufu kwa mashine ya Echoplex mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wajapani wa Roland wakatoa Space Echo RE-201 mwaka 1974. Mwaka 1976 Boss, kampuni tanzu ya Roland, ikatoa CE-1, pedali ya korasi, ambayo inafanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopishana kidogo.

Kutoka waya hadi hesabu

Sasa, kwa nini ilichukua muda mrefu kuiga amplifaya kwa kompyuta? Fikiria ndoo. Ukimimina maji kidogo, kina kinapanda kulingana na ulichomimina. Ikishajaa, ukiendelea kumimina kina hakipandi tena, maji yanamwagika. Amplifaya ni hivyo hivyo. Ukipiga nyuzi taratibu inaikuza sauti jinsi ilivyo. Ukipiga kwa nguvu kupita uwezo wake, kichwa cha wimbi la sauti kinakatwa, na pale kilipokatwa zinazaliwa sauti nyingine ambazo hukuzipiga. Kila amplifaya inafurika kwa namna yake. Nyingine inafurika ghafla, nyingine pole pole. Kuiga kunamaanisha kukokotoa ule ufurikaji maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, tena bila kuchelewa, maana vidole vya mpigaji vikisubiri sauti hata kidogo vinachanganyikiwa.

Kabla chipu hazijawa na kasi hiyo, watu walijaribu kwa vipuri vya kawaida. Mwaka 1982 Tom Scholz wa bendi ya Boston akatoa Rockman, kisanduku cha kuvaa kiunoni na hedifoni. Mwaka 1989 Andrew Barta akatoa SansAmp huko New York, pedali iliyoiga amplifaya nzima.

Kisha zikaja hesabu. Roland wakatoa VG-8 mwaka 1995. Mwaka 1996 kampuni changa ya California, Line 6, ya wahandisi Marcus Ryle na Michel Doidic, ikatoa amplifaya yenye modeli za kidijitali ndani yake, na mwaka 1998 wakatoa POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe. Nadhani kaka zenu wakubwa wanakikumbuka. Ghafla kijana anayeishi kwenye fleti yenye kuta nyembamba anaweza kurekodi chumbani usiku bila jirani kugonga mlango. Mwaka 2006 ikaja Axe-Fx ya Fractal Audio, ghali lakini ya uhakika kiasi kwamba wanamuziki wakubwa wakaanza kuziacha amplifaya nyumbani wanapokwenda safari za maonyesho.

Sasa swali langu la orodha. Wahandisi hawa walikusanya amplifaya zilizopendwa, wakazipima, wakaziandikia hesabu. Walichagua zipi? Zile ambazo zimo kwenye rekodi walizozipenda na ambazo wateja wao wangezitambua. Hakuna ubaya hapo, ni biashara. Ila maana yake ni kwamba ili sauti iingie kwenye kisanduku, lazima iwe imeshajulikana na mtu aliyeko California.

Mjerumani Christoph Kemper ndiye aliyeufungua mlango huo kwa wengi. Mashine yake, Kemper Profiler, iliyotoka 2011, haikukuletea orodha peke yake. Ilikuruhusu kupiga picha ya sauti: unaweka maikrofoni mbele ya amplifaya yako mwenyewe, mashine inaipelekea milio ya majaribio, inasikiliza inachorudishiwa, inaihifadhi. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na mitandao ya nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Neural DSP wa Helsinki wanauza kifaa cha namna hiyo, na Mmarekani Steven Atkinson ametengeneza programu iitwayo Neural Amp Modeler ambayo ni ya bure kabisa. Unahitaji kompyuta, kikasha cha kurekodia, maiki, na hiyo amplifaya. Unaipigia rekodi ya majaribio ya dakika kama tatu, basi.

Niliposoma hilo nikaiweka simu chini. Nikamfikiria baba mdogo na stoo yake Temeke.

Vyombo vya shirika

Wengi wenu mnajua majina ya bendi za dansi za Tanzania bila kujua zilikuwa za nani. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Mlimani Park, wana Sikinde, walikuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ukihama bendi unahama na vidole vyako tu.

Baba alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya shirika moja la umma tangu 1976 hadi 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na kama hata dawa na vipuri vya magari ni shida, nani atakuagizia spika ya gitaa? Spika ikichanika, fundi redio anaibandika karatasi ya kaki kwa gundi. Transifoma ikiungua, anaisuka upya kwa mkono. Baba anasema kufikia mwaka wa mwisho ile amplifaya ilikuwa imebaki boksi tu la kiwandani, ndani yote ni fundi.

Alipokuja Uingereza 1986 hakuwa na gitaa wala amplifaya. Bendi ilipokuja kufa na vyombo chakavu vikauzwa, baba mdogo akainunua ile amplifaya, nafikiri kwa huruma zaidi kuliko kwa matumizi. Imekaa stoo miaka na miaka chini ya magunia.

Nilipomwambia baba kwamba nataka kwenda kuirekodi, nilitegemea afurahi. Alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Mama, unakwenda kuchukua ubovu?"

Nikamwambia, baba, ndiyo sauti yako ile. Ndiyo ninayoisikia kwenye kanda.

"Siyo sauti yangu. Ni sauti ya kukosa spika."

Nikanyamaza. Miaka yote nilikuwa najua kwamba ule mlio mwembamba, wenye kukwaruza kidogo kila anapozishika nyuzi kwa nguvu, ni mtindo. Nimewaambia marafiki zangu ni mtindo. Kumbe mwenzangu alikuwa anapambana nao kila Jumamosi usiku.

Stoo ya Temeke

Nilikwenda hata hivyo, Agosti mwaka juzi. Baba mdogo alishamwita fundi kabla sijafika. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku ameshika bisibisi. Ilichukua siku mbili kuiamsha. Ilipowaka ilinguruma kama friji, halafu ikatulia, ikabaki inanguruma chini chini.

Nikaweka maiki mbele ya spika, sentimita chache kutoka kwenye ile karatasi ya kaki ambayo bado ipo, imekuwa nyeusi. Jaribio la kwanza umeme ukakatika dakika ya pili. Jaribio la pili jogoo wa jirani akawika ndani ya rekodi. La tatu likapita. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa mlangoni wakitegemea muziki, wakapewa dakika tatu za mikwaruzo na milio ya ajabu. Mmoja akamwuliza baba mdogo kama nimelipwa kufanya hivyo.

Usiku ule kompyuta ikajifunza. Asubuhi nikachomeka gitaa, nikapiga kodi moja. Nikamwona baba mdogo ameacha kunywa chai.

Baba anasikiliza

London, jikoni kwa wazazi wangu. Vidole vya baba siku hizi vina maumivu ya viungo, hapigi zaidi ya nusu saa. Nikampa gitaa, nikafungua kompyuta. Kabla sijamwekea ya kwake akaniuliza kama humo ndani mna Fender Twin. Ipo, nikamwambia. "Weka hiyo."

Akapiga Fender Twin dakika ishirini. Anacheka peke yake. Ile sauti safi, pana, ambayo alikuwa akiisikia kwenye sahani za santuri na hakuwahi kuishika. Mama akaja kusimama mlangoni. Mimi nimekaa pale na faili langu la Temeke, najiona mjinga.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo vitabu vya historia ya gitaa haviisemi sana. Link Wray alitoboa spika yake kwa hiari. Dave Davies alichukua wembe kwa hiari. Hata Grady Martin na wenzake wangeweza kuirudia ile solo kwenye njia nzima ya mashine, wakaamua kuiacha. Baba hakuamua. Ubovu ule ule, mkwaruzo ule ule, lakini mmoja kauchagua na mwingine kapewa. Sisi tuliozaliwa huku tunapenda kuusifia ugumu wa wazazi wetu kama mtindo, na wakati mwingine inabidi tuulize kwanza.

Lakini nakumbuka pia Marshall ya Hanwell, nakala iliyotengenezwa kwa vipuri vilivyokuwapo. Yule fundi redio wa Dar alifanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuja na vipimo kuandika alichokifanya. Kwa hiyo sijutii kwenda.

Mwishoni baba akasema, "Haya, leta ubovu wako." Nikaliweka. Akapiga kidogo, akasimama, akainamisha kichwa.

"Mbona haingurumi?"

Nikamweleza: programu inajifunza kile tu kinachotokana na gitaa. Mngurumo wa umeme ulikuwapo muda wote, upige usipige, kwa hiyo imeuona hauhusiani na gitaa, ikauacha.

"Basi haijakamilika," akasema. Akaendelea kupiga. Alipiga wimbo mzima, sehemu ya rithimu peke yake, akiacha nafasi pale ambapo mpiga solo angeingia.

Faili nimeliweka bure mtandaoni, kwenye maktaba ya wanaotumia programu ile. Jina lake linaanza na "TZ". Kama mzazi wako, au mjomba wako, ana amplifaya stoo Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi, na bado inawaka, tuandikie. Muulize kwanza yeye anaionaje. Halafu nenda mapema, kabla gundi haijaachia.